Mukurweini: Jinsi ajira na uwekezaji vinavyogusa maisha ya watu

Mukurweini ni eneobunge na kaunti ndogo iliyo kusini mwa Kaunti ya Nyeri, ikipakana na Othaya, Mathira na Kaunti ya Murang'a. Imelala juu ya matuta yanayoteremka kutoka safu ya milima ya Aberdare kuelekea Mto Sagana. Jina lake linatokana na mti uitwao mukurwe katika lugha ya Gikuyu, na maana yake ni mahali penye mti huo. Wageni wengi hulichanganya na Mukurwe wa Nyagathanga, mahali patakatifu katika Kaunti ya Murang'a panapotajwa katika simulizi za asili ya jamii hiyo. Hayo ni maeneo mawili tofauti.

Eneobunge hili lina wadi nne: Gikondi, Rugi, Mukurweini Magharibi na Mukurweini ya Kati. Wakazi wake wengi ni wakulima wa kahawa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao pia hupanda mahindi, maharagwe, ndizi, parachichi na makadamia. Sehemu za juu hupata mvua ya kutosha, ilhali zile za chini karibu na Sagana huwa kavu zaidi.

Kwa anayetaka kuelewa namna uchumi unavyobadilisha, au unavyoshindwa kubadilisha, maisha ya watu wa kawaida mashinani, Mukurweini ni mfano unaofaa. Kwa muda wa miaka 60 na zaidi, mazao ya mashamba madogo yamelipia karo, matibabu na nyumba za mawe. Hata hivyo, kazi za kuwapokea vijana waliosomeshwa kwa mazao hayo hazikuongezeka kwa kasi iyo hiyo, na wengi wao wamehama.

MAANA YA MAENDELEO YA BINADAMU

Dhana ya maendeleo ya binadamu ilienea duniani kuanzia mwaka wa 1990, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo (UNDP) lilipotoa ripoti yake ya kwanza kuhusu suala hilo. Mwasisi wa ripoti hiyo alikuwa mwanauchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, akishirikiana na Amartya Sen wa India, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1998. Hoja yao ilikuwa kwamba ukubwa wa pato la taifa pekee haututoshi kujua hali ya wananchi. Ni lazima pia tuulize kama watu wanaishi muda mrefu wakiwa na afya, kama wanapata elimu, na kama wana kipato cha kukimu maisha yenye heshima.

Mambo hayo matatu huunganishwa kuwa kipimo kimoja kinachoanzia 0 hadi 1. Kwa mwaka wa 2022, Kenya ilipata 0.601, na hivyo kuwekwa katika kundi la nchi zenye maendeleo ya wastani. Kenya ilianza kutoa ripoti zake za kitaifa kuhusu maendeleo ya binadamu mwaka wa 1999, na tangu hapo imedhihirika kwamba wastani wa nchi huficha tofauti kubwa kati ya eneo moja na jingine.

Utafiti wa bajeti za familia uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka wa 2015/16 ulithibitisha tofauti hizo. Ulionyesha kwamba asilimia 36.1 ya Wakenya waliishi chini ya kiwango cha umaskini. Katika Kaunti ya Turkana kiwango hicho kilikuwa asilimia 79.4, ilhali Nyeri kilikuwa asilimia 19.3, na kuifanya kuwa miongoni mwa kaunti zenye umaskini wa chini kabisa nchini.

Takwimu kama hizo huwafanya watu wengi kuamini kwamba Nyeri haina tatizo. Lakini mtu anaweza kuwa nje ya orodha ya maskini na bado akakosa kazi ya kudumu. Aidha, uchumi wa taifa unaweza kukua bila kijiji kuhisi ukuaji huo. Kati ya mwaka wa 2002 na 2007, ukuaji wa uchumi wa Kenya ulipanda kutoka chini ya asilimia 1 hadi karibu asilimia 7 kwa mwaka, na bado malalamiko ya ukosefu wa ajira kwa vijana yaliendelea kusikika kila pembe ya nchi.

KAHAWA ILIVYOJENGA SHULE

Katika sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, Mwafrika katika eneo la Kati hakuruhusiwa kupanda kahawa. Zao hilo lilihifadhiwa kwa walowezi. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka wa 1954, chini ya mpango uliopewa jina la ofisa wa kilimo Roger Swynnerton. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, hati miliki zikaanza kutolewa, na wakulima wadogo wakaruhusiwa kupanda mazao ya biashara. Haya yalitekelezwa wakati wa Hali ya Hatari, watu wakiwa wamekusanywa vijijini kwa nguvu na wengine wakiwa kizuizini, na kwa sababu hiyo zoezi hilo liliacha manung'uniko ya ardhi ambayo baadhi yake yamerithishwa hadi kwa wajukuu.

Baada ya uhuru mwaka wa 1963, kahawa ilitawala uchumi wa matuta haya. Wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, kila kimoja kikiwa na viwanda vya kumenya na kukausha kahawa kando ya mito. Jamii ya SL28 na SL34, zilizoteuliwa na watafiti katika miaka ya 1930, zilistawi vyema katika udongo mwekundu wa volkano, na kahawa ya Nyeri ikapata sifa katika masoko ya nje. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mnamo Julai 1975, bei duniani ilipanda ghafla, na wakulima wa Kenya wakavuna pesa ambazo hawakuwa wamewahi kuziona.

Sehemu kubwa ya pesa hizo ilikwenda shuleni. Karo ilikatwa moja kwa moja kutoka kwa malipo ya kahawa kupitia chama, na shule nyingi za upili zilijengwa kwa harambee za wazazi. Hapa ndipo ukuaji wa uchumi ulipogeuka kuwa maendeleo ya binadamu kwa njia iliyo wazi: bei nzuri, chama kinacholipa, mzazi anayethamini elimu, na darasa lililo karibu.

Mnyororo huo ulikatika mwishoni mwa miaka ya 1980. Mnamo Julai 1989 mfumo wa kimataifa uliokuwa ukiweka viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Uzalishaji wa Kenya, uliokuwa umefikia takriban tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, ulishuka mno, na katika miaka ya 2010 ulikuwa kati ya tani 30,000 na 50,000 kwa mwaka. Vyama vililemewa na madeni, vingine vikagawanyika kwa mizozo ya uongozi, na baadhi ya wakulima waling'oa mibuni yao au kuiacha ishikwe na kichaka.

Bei ya dunia si sababu pekee. Mkulima wa kahawa hupeleka matunda mabichi kiwandani, na huhitajika kilo sita hadi saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi. Baada ya hapo kahawa hukobolewa, hupangwa kwa madaraja na kuuzwa, mara nyingi katika mnada wa Nairobi, na kila hatua ina makato yake. Mkulima husubiri miezi kadhaa kabla ya kulipwa. Ukaangaji na ufungaji, ambao huongeza thamani kubwa zaidi, hufanyika kwa sehemu kubwa nje ya nchi. Hivyo ajira za ustadi zinazotokana na kahawa ya Nyeri ziko mbali na Nyeri.

Serikali imefanya jitihada za kufufua zao hilo. Aina ya Ruiru 11, inayostahimili magonjwa, ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ikafuatiwa na Batian mwaka wa 2010. Mwaka wa 2023 ulianzishwa utaratibu wa malipo ya mnada kupitia benki moja kwa moja, ili kupunguza ucheleweshaji. Mapema mwaka wa 2025 bei ya kahawa ya arabika duniani ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa hapo awali. Lakini mkulima aliyeng'oa mibuni hawezi kunufaika na bei ya leo, kwa sababu mche mpya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa.

MAZIWA NA PATO LA KILA MWEZI

Kahawa ilipoyumba, familia nyingi za Mukurweini ziligeukia ng'ombe. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuwa madogo, hivyo ng'ombe walifungiwa zizini na kuletewa mabingobingo. Ufugaji wa aina hii ulienezwa katika wilaya nyingi nchini na mradi wa kitaifa wa maziwa ulioanza mwaka wa 1980 kwa msaada wa Uholanzi.

Soko nalo lilikuwa na misukosuko yake. Kwa muda mrefu shirika la KCC, lenye kiwanda Kiganjo karibu na mji wa Nyeri, ndilo lililotawala biashara ya maziwa. Mwaka wa 1992 biashara hiyo iliachiwa huru, na kufikia mwishoni mwa muongo huo KCC ilikuwa imelemewa na madeni na wakulima wengi hawakuwa wamelipwa. Serikali iliifufua kwa jina la New KCC mwaka wa 2003.

Ni katika kipindi hicho cha mashaka ambapo wakulima wa Mukurweini walianzisha kikundi cha kujisaidia cha kukusanya na kuuza maziwa yao wenyewe. Kikundi hicho kilianza na kiasi kidogo sana cha maziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikakua hadi kuwa kampuni ya Mukurweini Wakulima Dairy. Baadaye kampuni hiyo ilijenga kiwanda chake na kuanza kupakia maziwa kwa jina la Royal Fresh. Wakulima pia walianzisha chama cha akiba na mikopo, ambacho leo kinajulikana kama Wakulima Commercial Sacco.

Umuhimu wa uwekezaji huu hauko katika ukubwa wake, kwani kiwanda cha Mukurweini hakiwezi kulinganishwa na makampuni makubwa ya Nairobi. Umuhimu wake uko katika namna pesa zinavyofika nyumbani. Maziwa huuzwa kila siku na kulipwa kwa kawaida kila mwezi. Hesabu ya mfano inaweza kusaidia. Tuseme ng'ombe mmoja anatoa lita 10 kwa siku, lita 2 zinanywewa nyumbani na lita 8 zinauzwa. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni lita 240. Bei ikiongezwa kwa shilingi 5 pekee kwa lita, familia hiyo inapata shilingi 1,200 zaidi kila mwezi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Malipo ya kila mwezi yanaiwezesha familia kununua chakula, kulipa karo kwa awamu na kwenda hospitali kabla ugonjwa haujawa mkubwa. Vilevile yanaipa taasisi ya fedha sababu ya kumkopesha mkulima, kwa kuwa rekodi ya maziwa yake inaonyesha uwezo wa kulipa. Na lita mbili zinazobaki nyumbani ni lishe ya watoto, jambo ambalo kahawa haiwezi kulifanya.

Kuna tofauti nyingine inayohusu ajira. Biashara ya maziwa inayomalizikia kijijini inahitaji watu wa kusomba, kupima ubora, kupoza, kupakia, kutunza hesabu na kutengeneza mitambo. Inahitaji pia madaktari wa mifugo, wahudumu wa upandishaji wa mbegu na wauzaji wa chakula cha ng'ombe. Baadhi ya kazi hizi zinahitaji stashahada au digrii. Kijana aliyesomea uhasibu au teknolojia ya vyakula anaweza kuzifanya bila kuhamia Nairobi.

WATU WANAOHAMA

Sensa zinaonyesha vizuri zaidi upungufu wa ajira kuliko takwimu za umaskini. Mwaka wa 2009 Kaunti ya Nyeri ilikuwa na watu 693,558. Miaka 10 baadaye, katika sensa ya 2019, walikuwa 759,164, ongezeko la takriban asilimia 9.5. Katika kipindi hicho idadi ya Wakenya wote iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 23.

Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na familia kuzaa watoto wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Nyeri alitarajiwa kuzaa watoto 2.7 kwa wastani, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 3.9. Hiyo ni dalili ya elimu ya wasichana na huduma bora za afya, yaani ni matunda ya maendeleo yenyewe. Sehemu nyingine inatokana na vijana kuhamia Nairobi, Thika, Nakuru na ng'ambo.

Uhamaji una faida zake, kwa kuwa wengi hutuma pesa nyumbani, na huduma ya M-Pesa iliyoanza mwaka wa 2007 imerahisisha jambo hilo. Lakini una gharama pia. Wanaobaki shambani wengi ni wazee, na mzee wa miaka 70 hawezi kupogoa mibuni wala kukata mabingobingo kama zamani. Shule zilizojengwa kwa harambee zinapungukiwa na wanafunzi.

Kuna gharama nyingine inayotajwa kwa nadra. Wakati mipaka ya maeneobunge ilipokaguliwa mwaka wa 2012, wastani uliotumika ulikuwa watu 133,138 kwa kila eneobunge. Mukurweini ilikuwa na watu 83,932. Ilinusurika pamoja na Othaya na Tetu kwa sababu Katiba ya 2010 ilizuia eneobunge lolote lililokuwapo kufutwa katika ukaguzi wa kwanza. Kinga hiyo haikutolewa kwa ukaguzi unaofuata. Hivyo eneo lisilo na kazi za kuwazuia watu wake laweza kupoteza pia mwakilishi wake bungeni, na pamoja naye fungu la pesa linalogawanywa kwa misingi ya maeneobunge.

FEDHA ZA UMMA NA MIPAKA YAKE

Tangu mwaka wa 2003, uwekezaji wa umma mashinani umeongezeka. Mwaka huo elimu ya msingi ilifanywa kuwa bila malipo, na sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge ikatenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zilitengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Desemba 2018 Nyeri iliteuliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kufanyia majaribio mpango wa afya kwa wote. Ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa maradhi yasiyoambukiza kama kisukari na shinikizo la damu, ambayo huandamana na jamii inayozeeka.

Taasisi za elimu ya juu nazo zimesogea karibu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati mwaka wa 2012, kina shamba lake la kahawa na hufundisha teknolojia ya zao hilo. Chuo Kikuu cha Karatina kilipewa hati mwaka wa 2013. Upanuzi wa barabara ya Kenol–Sagana–Marua, yenye urefu wa kilomita 84, umekusudiwa kuharakisha usafiri kati ya soko la Nairobi na miji ya Karatina na Nyeri.

Miradi hii ina thamani, lakini pesa za umma zinaweza kujenga darasa bila kuhakikisha kwamba anayehitimu ataajiriwa. Barabara kuu nayo humfaa mkulima pale tu barabara ya mashambani inapopitika wakati wa mvua. Lori la maziwa likikwama matopeni saa moja asubuhi, maziwa huharibika kabla ya kufikia mtambo wa kupoza, na hasara huwa ya mkulima.

Aidha, pato likiongezeka haimaanishi kwamba kila mtu nyumbani amelipata. Uanachama katika vyama vya kahawa umekuwa ukifungamana na umiliki wa ardhi, na hati nyingi ziko kwa majina ya wanaume, ilhali kazi ya kuchuma kahawa na kulisha ng'ombe hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake. Ulevi umezidisha tatizo hili. Mnamo Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza viongozi wa eneo la Kati kuongoza msako dhidi ya pombe hatari. Pombe nyingi ilimwagwa, lakini vijana waliokuwa wakiinywa hawakupewa kazi kwa msako huo.

Ardhi nayo inaendelea kugawanywa kila kizazi. Mashamba mengi yamebaki ya ekari moja au mbili, na mengine hayafiki hapo. Kwa hiyo ukuaji wa Mukurweini hauwezi kutegemea kupanua mashamba. Utategemea kuongeza mazao ya kila mbuni na maziwa ya kila ng'ombe, na kufanyia palepale kazi inayoongeza thamani.

MASWALI YA KUULIZA KUHUSU UWEKEZAJI

Tangu mwaka wa 2019, KNBS imekuwa ikitoa takwimu za pato la kila kaunti. Takwimu hizo zinasaidia kupanga, lakini hazionyeshi hali ya kaunti ndogo moja wala ya familia. Mradi mpya unapotangazwa Mukurweini, uwe wa makadamia, parachichi, kahawa au maziwa, kuna maswali kadhaa ambayo mwananchi anaweza kuyauliza na kupata jibu bila kuwa mwanauchumi.

La kwanza ni sehemu gani ya bei ya mwisho inabaki kwa mkulima. La pili ni mara ngapi mkulima hulipwa kwa mwaka, na baada ya muda gani. La tatu ni jina la nani limeandikwa katika akaunti inayopokea malipo. La nne ni kazi ngapi za kudumu zitakuwa ndani ya eneo lenyewe, na ngapi kati yake zinamfaa aliyemaliza chuo. La tano ni kama hesabu za mradi zitasomwa hadharani kwa wanachama, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kiwanda cha maziwa kilichojengwa na wakulima wenyewe kinaonyesha kwamba baadhi ya maswali hayo yanaweza kupata majibu mazuri hata katika eneo dogo lisilo na mwekezaji kutoka nje. Kwa upande wa kahawa, majibu mengi bado yanasubiriwa. Sensa ijayo itaonyesha kama vijana wa Gikondi na Rugi wamepata sababu ya kubaki.